UniqueConstraint ya Django kwa mifumo ya stakabadhi za korosho: nyota 4 kati ya 5

Wakuu mnaotengeneza mifumo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) huku Mtwara, hii UniqueConstraint, yani sheria ya kuzuia rekodi kujirudia kwenye Django (zana ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti), naikubali sana. Chama cha Tandahimba kinaweza kua na stakabadhi namba 145 na cha Newala nacho kinayo, msimu ujao vitabu vinaanza upya, sasa ukisema namba peke yake isijirudie chama cha pili hakiingizi kitu. Kinachotakiwa kisijirudie ni vitatu kwa pamoja, chama, msimu na namba. Unavitaja kwenye modeli (kodi inayoeleza jedwali la databesi), unaendesha maigresheni (hatua ya kupeleka mabadiliko hayo kwenye databesi), basi, databesi yenyewe ndo inalinda.

Na hapo ndo ninapoipendea, maana wengi wanakagua kwenye fomu tu, yani mfumo unatafuta namba, haipo, unaandika. Mtandao unasuasua, karani anabonyeza "hifadhi" mara mbili, maombi mawili yanafika kwa pamoja, yote yanatafuta na hayaoni kitu, yote yanaandika, kilo za mkulima mmoja zishaingia mara mbili na mnada ni kesho. Databesi ikiwa na hiyo sheria ombi la pili linagonga ukuta, haijalishi limetokea fomu gani.

Nyota moja nimeikata kwa sababu kama chama unakitoa kwenye akaunti ya karani badala ya fomu, Django wakati wa kukagua fomu inairuka hiyo sheria kimyakimya, databesi inakataa, karani wa watu anaona ukurasa wa 500 (hitilafu ya seva) hajui afanyeje na foleni ya wakulima iko mbele yake. Lazima udake IntegrityError (kosa linalotoka databesi ikikataa) mwenyewe umwandikie Kiswahili kinachoeleweka.

Halafu mjihadhari na NULL aisee, yani sehemu isiyo na thamani yoyote. Ukiongeza kolamu ya tawi ikaachwa tupu, databesi ya PostgreSQL inahesabu tupu mbili ni vitu tofauti na marudio yanapita. Dawa ni kuweka nulls_distinct=False kwenye hiyo sheria ili tupu mbili zihesabiwe sawa, ipo kuanzia Django 5.0 ila inataka PostgreSQL 15 kwenda juu, wenye seva za zamani jazeni tu kolamu isiwe tupu.

Njia ya zamani, unique_together, bado inafanya kazi ila Django wenyewe wanashauri hii mpya, iliyokuja na toleo 2.2 mwaka 2019. Kama data ipo tayari, safisha kwanza marudio, la sivyo maigresheni inagoma.