Fundi breki wa Kizota aliyenipitishia paipu za nyuma, kazi safi ila mjipange na muda

Wadau wa Dodoma mnaojenga magari yenu wenyewe, hii nawaandikia nyie. Gari langu ni chesi ya Hilux ya zamani tuliyoifupisha, bodi tumekunja wenyewe mtaani, injini ya dizeli 3L, kwahiyo paipu ya breki ya nyuma iliyokuja na chesi ikawa ndefu haikai popote, na kutu ilishaanza kuila.

Fundi wa kwanza, sio huyu ninayemsifia, alinipitishia bomba la shaba lile lile la mafriji, katikati akaliunga kwa gesi, akalilaza pembeni ya ekzosi na kulifunga kwa kebo tai. Linang'aa, nami nikalipa. Miezi miwili baadae natoka Iringa naenda Mtera, nashuka mlima wa Nyang'oro, nakanyaga pedali inazama tu, nikapiga gia ya pili nikaiachia injini ishike gari mpaka nikapata pa kusimama, mke wangu kashika mlango hasemi kitu. Kuchungulia chini, paipu ya moto haishikiki. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ila ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 140, na ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, nguvu ya mguu wako haifiki kwenye tairi. Ilivyopoa pedali ikarudi kama hakuna kilichotokea, na hicho ndo kilinitisha zaidi.

Ndo nikaelekezwa kwa hawa jamaa wa Kizota. Gereji haina kibao, ni uwanja tu wenye mwarobaini mkubwa. Fundi mwenyewe mtu mzima, alilala chini ya gari karibu nusu saa kabla hajashika spana, akatoka akaniambia "mwanangu, hii shaba toa yote, shaba tupu ikitikisika muda mrefu inakuwa ngumu halafu inapasuka". Akaniagizia Dar paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, saizi inchi 3/16, ikaja na basi.

Sasa alivyoipitisha. Ekzosi yangu iko kushoto, yeye akapita kulia, ndani ya chesi kwa juu, mahali ambapo jiwe haligongi na hata ukikaa kwenye gogo paipu haiguswi. Karibu na masta, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, akaacha mzunguko mmoja wa paipu ili mtikisiko wa bodi usiikate kwenye nati. Klipu zenye raba kila baada ya shubiri moja na nusu hivi, hakuna kebo tai hata moja. Hakuna kiungo katikati, kipande kimoja kutoka mbele mpaka nyuma, na midomo yote kaitanua kwa mashine, ule mdomo wa kukunjwa mara mbili, mmoja ulitoka umepinda kidogo akaukata akarudia bila mimi kusema.

Ila kilichonifanya nimuamini ni mpira wa nyuma. Ekseli inapanda na kushuka, chesi haipandi nayo, kwahiyo hapo lazima pawe na mpira, kutoka kwenye chesi mpaka kwenye T, kiungo cha kugawia paipu kulia na kushoto, kilicho juu ya difu. Wengi wanaupima gari likiwa limesimama wanafunga wameondoka. Huyu alipiga jeki chesi mpaka tairi zikaning'inia hewani, akaangalia mpira haujavutika, akashusha, tukapakia mifuko ya saruji mpaka springi zikalala, akaangalia tena haugusi tairi wala shokapu. Wa kwanza ulikuwa mfupi, akaukataa, akanituma mjini kutafuta mwingine, jua la saa saba ndugu zangu, nilichukia kidogo ila alikuwa sahihi kabisa.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki alianza tairi ya nyuma kushoto kwasababu ndo iko mbali zaidi na masta, oili mpya DOT 4, pedali sasa inashika juu na ngumu.

Ambacho sikupenda, aliniambia siku moja zikawa tatu. Na ile valvu ya mzigo, ile yenye fimbo inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu, aliirekebisha gari likiwa bado na mifuko ya saruji, matokeo yake gari likiwa tupu kwenye vumbi barabara ya Nala tairi za nyuma zinafunga mapema na mkia unaenda pembeni. Hilo ni kosa na ni la hatari, nilimwambia usoni. Nilimrudishia kesho yake akarekebisha bure, tukajaribu wote wawili, tupu na likiwa na mzigo, sasa tairi za mbele zinafunga kwanza.

Ufundi laki na themanini, vifaa mbali. Nimeshaenda Kondoa na kurudi mara mbili, nimelala chini na tochi kukagua kila nati, kavu. Mkienda, nendeni asubuhi mapema, Ijumaa mchana hayupo, na valvu ya mzigo mwambieni airekebishe mifuko ikishashushwa.