Mkopo wa nyumba wa FHA Marekani: unamfaa nani, na unamla nani

FHA (Federal Housing Administration), shirika la serikali ya Marekani linalowekea bima mikopo ya nyumba, haimkopeshi mtu hata senti moja. Hilo ndilo la kujua kwanza, maana wakopaji wengi hudhani serikali ya Marekani inagawa pesa za kununulia nyumba. Anayekopesha ni benki au kampuni ya mikopo. FHA ilianzishwa mwaka 1934 na leo iko chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD. Kazi yake ni kumwekea mkopeshaji bima. Ukishindwa kulipa, nyumba inachukuliwa, kisha mkopeshaji anafidiwa hasara yake. Wewe hufidiwi chochote, ingawa bima hiyo unailipia wewe.

Ukiutazama kama bidhaa nyingine yoyote sokoni, mkopo huu ni mzuri sana wa kuanzia na ni mbaya wa kukaa nao miaka 30.

Uzuri wake uko kwenye masharti. Mwenye alama za mkopo (credit score, kipimo cha jinsi unavyolipa madeni) 580 na kuendelea anaruhusiwa kuweka kianzio cha asilimia 3.5. Mwenye 500 hadi 579 anatakiwa aweke asilimia 10. Hizo ni kanuni za FHA yenyewe. Wakopeshaji wengi huongeza masharti yao na kutaka 600 au 620. Kwa hiyo ukikataliwa na mmoja kwa alama 590, usidhani mlango umefungwa. Nenda kwa mwingine, na muulize mapema kiwango chake cha chini kabla hajavuta ripoti yako ya mkopo. Asiye na alama kabisa, kama ilivyo kwa wengi waliohamia juzi, naye ana njia: mkopeshaji anaweza kukagua historia ya miezi 12 ya malipo ya kodi ya pango, umeme na simu. Lipa pango kwa hundi au kwa benki, kwani pesa taslimu isiyo na risiti haithibitishi kitu.

Sasa gharama. Chukua nyumba ya dola 250,000. Kianzio cha asilimia 3.5 ni dola 8,750, mkopo unabaki 241,250. Juu yake inakuja bima ya mkupuo, asilimia 1.75, yaani kama dola 4,222. Karibu kila mtu huiingiza kwenye mkopo badala ya kuilipa taslimu, hivyo unaanza na deni la 245,472 na unailipia riba bima yenyewe. Kisha kuna bima ya kila mwaka. Kwa mkopo wa miaka 30 wa ukubwa huu wenye kianzio kidogo ni asilimia 0.55 tangu Machi 2023. Hapa ni dola 110 hivi kwa mwezi mwaka wa kwanza, na hupungua polepole deni linavyoshuka.

Swali linaloulizwa kuliko yote: bima hiyo inaisha lini? Ukiweka kianzio chini ya asilimia 10, haiishi mpaka mkopo uishe. Ukiweka asilimia 10 au zaidi, inakoma baada ya miaka 11. Ile sheria inayomruhusu mkopaji kuomba bima iondolewe akishafikisha asilimia 20 ya umiliki inahusu mikopo ya kawaida, si FHA, na watu wengi huligundua hili wakiwa wameshachelewa. Njia ya kutoka ni kuuza, kumaliza deni, au kuhamia mkopo wa kawaida alama zako zikishapanda, kama riba ya siku hiyo inakubali. Hakuna adhabu ya kulipa mapema.

Kianzio sicho pesa yote unayohitaji. Gharama za siku ya kusaini mara nyingi ni asilimia 2 hadi 5 ya bei. Muuzaji anaruhusiwa kukuchangia hizo hadi asilimia 6, lakini hawezi kukuchangia kianzio.

Pesa ya kianzio itoke wapi? Zawadi ya ndugu inakubalika hata ikiwa kianzio chote, mradi kuwe na barua ya zawadi iliyosainiwa yenye jina la mtoaji, uhusiano wenu, kiasi, na tamko kwamba hairudishwi, pamoja na ushahidi wa pesa kutoka kwake mpaka kwako. Na ile ya upatu, mchezo, au chama? Inakubalika. Kanuni za FHA zinavitambua vikundi binafsi vya kuwekeana akiba. Mkopeshaji atataka daftari la michango na risiti, uthibitisho wa mweka hazina kwamba kikundi kipo na bado kinaendelea, na ushahidi kwamba ulipokea pesa hizo. Atataka pia kujiridhisha kuwa ni akiba, si mkopo. Ikiwa bado una zamu za kuchangia, mchango wa kila mwezi utahesabiwa kama deni. Tatizo la vikundi vyetu ni kuendeshwa kwa mdomo na WhatsApp. Kama unafikiria kununua nyumba mwakani, ombeni daftari lianze leo na michango ipitie benki. Pesa nyingi zikidondoka ghafla kwenye akaunti bila maelezo, faili lako litasimama.

Hati za ukaazi nazo zimebadilika. Kuanzia Mei 25, 2025, HUD imeondoa kundi la wakaazi wasio wa kudumu. Raia na wenye grini kadi wanaendelea kama zamani. Aliyeko kwa viza ya kazi, au mwenye kibali cha kazi pekee, hawezi tena kupata FHA na itabidi atafute mkopo wa kawaida.

Kuhusu kipato, kiwango cha msingi ni malipo ya nyumba yasizidi asilimia 31 ya mapato kabla ya kodi, na nyumba pamoja na madeni mengine yasizidi 43. Mfumo wa kompyuta wa FHA hukubali hata karibu na 57 kwa mwenye faili zuri. Kukubaliwa ni jambo moja na kumudu ni jingine. Kwa maoni yetu, anayesaidia wazazi nyumbani kila mwezi asivuke 43, kwa sababu pesa anayotuma haionekani kwenye hesabu ya benki. Madereva wa Uber na wa malori wanaojitegemea huumia hapa zaidi: kinachohesabiwa ni faida iliyobaki baada ya makato kwenye fomu za kodi, kwa kawaida wastani wa miaka miwili. Ukikata kila kitu ili kodi iwe ndogo, kipato chako kwenye karatasi kinakuwa kidogo vilevile. Na usinunue gari kati ya kukubaliwa na kusaini. Kazi yako huthibitishwa upya siku chache kabla ya kusaini, na deni jipya likionekana hesabu zote hurudiwa.

Nyumba nayo hukaguliwa. Mthamini wa FHA huangalia bei pamoja na usalama. Rangi inayobanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima ishughulikiwe, kwa hofu ya madini ya risasi (lead) yenye sumu yaliyomo kwenye rangi za zamani. Paa liwe bado linaweza kudumu angalau miaka miwili mbele. Maji na umeme viwe vimewashwa siku ya ukaguzi. Ndiyo maana wauzaji wa nyumba chakavu huwakwepa wanunuzi wa FHA. Nyumba aliyoinunua muuzaji chini ya siku 91 zilizopita ili aiuze kwa faida haikubaliki. Kwa upande mwingine, mkataba wa FHA una kifungu kinachokuruhusu kujitoa na kurudishiwa arubuni yako ikiwa thamani itatoka chini ya bei. Kazi ya mthamini haichukui nafasi ya mkaguzi wako binafsi. Mlipe mkaguzi wako.

Ambapo FHA inashinda wazi ni nyumba za familia mbili hadi nne. Unaingia ndani ya siku 60, unaishi sehemu moja angalau mwaka mmoja, unapangisha zilizobaki, na kianzio ni kilekile cha asilimia 3.5. Kwa nyumba za familia tatu au nne kuna jaribio la ziada: asilimia 75 ya pango linalokadiriwa kwa sehemu zote, pamoja na utakayoishi, lazima itosheleze malipo yote ya mkopo wa nyumba kwa mwezi. Kwenye miji ghali jaribio hili huangusha wengi, kwa hiyo lifanyie hesabu kabla ya kutoa ofa.

Mwenye alama 720 na kianzio cha asilimia 5 alinganishe kwanza na mkopo wa kawaida. Mara nyingi bima yake itakuwa nafuu na ina mwisho. Aliyepita jeshini aanze na mkopo wa VA, unaodhaminiwa na Idara ya Maveterani. FHA ibaki kwa mwenye alama za kati ya 580 na 680, mwenye madeni kiasi, na anayenunua kwa zawadi au akiba ya kikundi. Omba makadirio ya maandishi ya siku hiyohiyo kutoka kwa wakopeshaji watatu, kisha linganisha riba na ada za mkopeshaji. Bima ya FHA ni ileile kwa wote, haina mjadala.