Pangani: uliza maji kwanza, ndipo upange tarehe

Sisi watu wa Moshi tukitaka bahari tunaishia Tanga mjini au tunavuka kwenda Unguja. Pangani tunaijua kwa jina la mto tu, ilhali maji yanayomwagika baharini pale ni ya kwetu: yametoka Kilimanjaro na Meru, yakatulia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndipo yakafika pwani. Nilikwenda na wifi yangu. Naandika kwa ajili ya mtu kama mimi, anayepanda basi na kuulizia bei kabla ya kukaa.

Kutoka Tanga ni kilomita kama 45 kwenda kusini. Mkiwa na gari lenu simameni Tongoni, mkaone msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo zaidi ya arobaini chini ya miti. Maji ya upande huo ndiyo Vasco da Gama aliyochomea meli yake, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia walikufa wengi na waliobaki hawakutosha kuiendesha.

Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu asubuhi moja, kabla jua halijakaza. Majumba ya wafanyabiashara wa zamani, mengine yamekaliwa, mengine popo ndio wapangaji. Milango ya nakshi bado ipo. Boma la Waarabu, ambalo baadaye Wajerumani walilifanya lao, leo ni ofisi za wilaya, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mtasimuliwa habari za watumwa waliozikwa hai ndani ya nguzo zake. Mimi niliipokea kama hadithi. Habari iliyothibitika inatosha. Mwaka 1888 Emil von Zelewski, mtu wa kampuni ya Kijerumani, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe hapa, na pwani nzima ikawaka. Abushiri bin Salim aliyeongoza vita akanyongwa hapahapa Pangani, Desemba 1889. Zelewski naye, aliyebandikwa jina Nyundo, Wahehe walimmaliza Lugalo, upande wa Iringa, mwaka 1891. Mwenye mtoto wa sekondari amlete. Atalielewa somo haraka kuliko darasani.

Ng'ambo ya mto, baada ya pantoni, ni Bweni. Upande huohuo kuna Kikogwe, ulikopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii mwaka 1893, miche 62 tu iliyonusurika safari. Kwenye pantoni kaeni mbali na ukingo. Mamba wapo, na wenyeji hawafanyi mzaha juu ya hilo.

Sasa Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani. Tulimkuta nahodha akiziba mashua yake kwa pamba na mafuta. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Mnaitaka Maziwe yenyewe, au mnataka kutembea baharini tu? Maana kesho mafu." Kijana aliyekuwa ametufuata tangu stendi alikuwa ameshatuahidi safari ya kesho hiyohiyo, na alitaka malipo ya awali. Tukamwacha, tukasubiri bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa sana.

Jambo lenyewe liko hivi. Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na leo ni fungu linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Maji mafu hayapwi sana, kwa hiyo unaweza kulipa mashua nzima ukaoneshwa rangi ya maji tu. Angalieni mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, siku zinazofuata ni bamvua, na maji hupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi. Tuliondoka alfajiri. Mwanzoni niliona mstari mweupe tu, kama mtu aliyeanika shuka baharini, kisha ukapanuka mpaka tukashuka kwa miguu. Hakuna kivuli hata cha kidole. Nahodha alisimika makasia mawili akafunga tanga juu yake, tukajibanza humo. Pembeni kuna matumbawe; kwa miwani na mrija niliona samaki wa njano wakipita mbele ya pua yangu bila haraka yoyote. Kasa bado hutaga pale, na kwa kuwa maji yangefunika mayai, huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yakaanguliwe.

Bei ya mashua ni ya chombo, si ya kichwa, kwa hiyo jikusanyeni. Ada ya hifadhi ya Maziwe hulipwa mbali na bei hiyo. Ulizeni mapema imo au haimo. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari huchafuka kurudi, na wifi alitapika mpaka mdomo wa mto. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndio msimu wa safari hii.

Nyumba ya wageni tuliyofikia siisifii. Shuka safi, sawa, lakini chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na chakula cha usiku "kipo" maana yake ulipaswa kuagiza tangu asubuhi. Heri hivyo, kwani tulitoka tukala kwa mama mmoja barazani: changu wa kupaka, wali wa nazi usioshikana, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu mbele ya macho yetu. Asubuhi alikuwa na mkate wa kumimina, bado moto. Nilimuuliza hamira kiasi gani, akacheka akaniambia, "Wewe kula tu, mwanangu."

Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako wanyama wa porini hufika mpaka ufukweni, iko kusini zaidi. Bila gari ni gharama kubwa, hatukwenda.

Bebeni fedha taslimu, kanga za kujitandia mnapopita mitaani, na dawa ya mbu. Mkiangukia Ramadhani, mchana msitegemee mgahawa. Jioni mkikaribishwa futari, msijivunge.