Uzoefu wangu: Mwanza hadi Guangzhou kwa ndege za kwetu na za nje

Nafanya biashara ya nguo za watoto na vyombo vya nyumbani hapa Mwanza. Mzigo wangu mwingi natoa Guangzhou, mara mojamoja Dubai. Nauli ya ndege naiandika kwenye daftari la matumizi pamoja na kodi ya fremu na mshahara wa msaidizi, kwa hiyo shirika ninalopanda nalichagua kwa hesabu. Nimepanda ya kwetu, nimepanda ya nje, na msimamo wangu ni huu: natamani mashirika ya kwetu yashinde. Yana nafasi ya kushinda leo, na ndege nyingi yanazo. Kinachoyaangusha ni namna yanavyomweka abiria gizani pale ratiba inapoharibika.

Nianze na kipande cha Mwanza–Dar, maana safari yangu yote inasimama au kuanguka hapo. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, wakati kwa ndege hata saa mbili haziishi. Kwenye njia hii huna shirika la nje la kukimbilia. Shirika la kigeni haliruhusiwi kubeba abiria kutoka mji mmoja wa Tanzania kwenda mwingine, ndiyo maana miaka yote KLM imekuwa ikitua Kilimanjaro kisha kuendelea Dar es Salaam, lakini tiketi ya Kilimanjaro–Dar peke yake haikuuzii. Tunabaki na Air Tanzania na Precision Air, na nauli inapanda na kushuka kulingana na hao wawili.

Tuliokuwepo Novemba 2012 tunakumbuka ushindani ulivyoonekana. Fastjet ilianza na Airbus A319, njia za kwanza zikiwa Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Jina na mtaji vilitoka nje, leseni ilikuwa ya hapa. Begi ulilipia, soda ulinunua, na ukichelewa kukata tiketi bei ilikuwa nyingine kabisa. Lakini nilikaa kwenye ndege zile na watu waliokuwa wanapanda kwa mara ya kwanza maishani, mama wa dagaa wa Kirumba, wanafunzi wanaorudi chuo, mzee aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu. Mwishoni mwa 2018 safari zilisimama, na nauli ya namna ile sijaiona tena kwenye njia yetu. Kwa hiyo mtu akiniambia ushindani kutoka nje unaua mashirika yetu, namjibu kwamba ule ulituletea abiria wapya ambao hakuna shirika la kwetu lililokuwa limewahi kuwaona.

Sasa sifa kwa wa kwetu, na nasifu kwa dhati. Air Tanzania ya kabla ya 2016 ilikuwa hoi. Septemba mwaka huo zikaja Bombardier Q400 mbili, 2018 ikaja Dreamliner, ndege kubwa ya safari ndefu, na mwisho wa mwaka huohuo ikaja Airbus A220-300, ya kwanza kwa shirika lolote barani Afrika. Ile A220 naipenda kuliko ndege yoyote ya safari fupi niliyopanda. Viti viwili upande mmoja, vitatu upande wa pili, madirisha makubwa, na sauti ya injini ndogo kiasi kwamba unaongea na jirani bila kupaza sauti. Ukishukia jengo la tatu pale uwanja wa Julius Nyerere, Dar, unaona kabisa kwamba nchi imejipanga kupokea wageni.

Shida yenyewe ni hii. Kuna siku nilikuwa na ndege ya kimataifa usiku kutoka Dar, tiketi mbili tofauti, nikachukua ndege ya mchana kutoka Mwanza ili nibaki na nafasi ya kutosha. Shirika silitaji, ni la ndani. Muda wa kuruka ukafika, ukapita. Kaunta kijana anasema, "Subirini kidogo, inakuja." Ubao bado unaonyesha saa ileile ya kwenye tiketi. Pembeni yangu kulikuwa na baba mmoja na bahasha ya picha za eksirei, ana miadi Muhimbili kesho yake asubuhi, kila dakika anauliza. Aliyetutoa gizani ni abiria mwenzetu. Alimpigia shemeji yake aliyekuwa anasubiri kuja Mwanza kwa ndege ileile, akaambiwa bado wamekaa tu sebule ya abiria Dar. Yaani ndege tuliyoambiwa inakuja ilikuwa haijaondoka kule. Kijana wa kaunta alipoulizwa akainamisha kichwa kwenye kompyuta. Mimi sikumlaumu sana, nadhani hata yeye hakuambiwa. Nilifika Dar ndege ya usiku imeshafunga milango, na nauli ile ikapotea.

Linganisha na hili. Safari nyingine narudi kutoka China na shirika moja la nje, nalo silitaji, ndege ikachelewa kuondoka vibaya sana, muda mrefu kuliko ule wa Mwanza. Tulipotua kwenye kituo cha kuunganisha, simu ilipowaka tu, ujumbe ulikuwa tayari umeingia: ndege yako ya Dar imeondoka, umewekwa ya kesho, nenda dawati fulani. Mlangoni mwa ndege amesimama dada ameshika karatasi yenye majina yetu. Nikapewa pasi mpya ya kupandia, karatasi ya hoteli na ya chakula, mabegi wakasema yatakwenda yenyewe. Nilipoteza siku nzima ya biashara, lakini nilimpigia msaidizi wangu nikamwambia saa kamili ya kufika, na mteja aliyekuwa anasubiri mzigo akapangiwa siku nyingine. Hasira haikuwepo. Nimekaa nikalifikiria sana jambo hili, kwa sababu walichonipa kilichonituliza zaidi, kabla ya hoteli na chakula, kilikuwa ujumbe mmoja wa simu. Ujumbe kama huo hauhitaji mkopo wa serikali wala ndege mpya.

Kwenye njia ya Guangzhou yenyewe mchuano ni mkali na ninaufurahia. Ndege ya Air Tanzania inakwenda moja kwa moja kutoka Dar, saa kumi na kitu angani, unashukia Baiyun, uwanja wa Guangzhou. Za nje zinakupitisha Addis Ababa, Doha au Dubai. Kwa mtu anayekwenda kununua, ya moja kwa moja ina faida ambazo huzioni kwenye tangazo la bei. Begi halihamishwi ndege, kwa hiyo sampuli zako unazikuta. Wahudumu wanaongea Kiswahili, na mama mwenye umri wa mama yangu, anayefanya biashara ya vitenge na hajui Kiingereza, anaomba maji na kuuliza fomu za uhamiaji bila kutafuta mkalimani. Nimewaona kina mama wa namna hiyo wakiwa wametulia kabisa kwenye Dreamliner, na nimewaona kina mama haohao wakihangaika kutafuta geti kwenye viwanja vikubwa vya kuunganishia, wameshika pasi mkononi wanamwonyesha kila anayepita.

Wanachotuzidi wa nje ni wingi wa safari. Ukiwa Guangzhou kiwanda kinaweza kukwambia mzigo haujakamilika, ngoja kesho. Ukiwa na shirika lenye ndege kila siku unasogeza tiketi kwa siku moja. Ukiwa na shirika lenye siku chache kwa wiki, siku moja ya kiwanda inakuwa siku kadhaa za hoteli. Ethiopian Airlines inaweza kuruka kila mara kwa sababu inakusanya abiria kutoka miji mingi ya Afrika, inawamwaga Addis kwa wakati mmoja, kisha inawajaza kwenye ndege moja kubwa. Air Tanzania nayo inajaribu kuifanya Dar iwe hivyo. Safari moja nilikaa na mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kiswahili chake cha Kongo kitamu, alikuwa ameunganisha Dar kwenda Guangzhou kama mimi nilivyotoka Mwanza. Tulizungumza nauli karibu usiku kucha. Na yeye kilichokuwa kinamsumbua kichwa ni kilekile: akifika Dar amechelewa, ya China inamwacha.

Ndipo naona watu wanakosea wanapozungumzia ndege za ndani na mashindano ya kimataifa kama mambo mawili. Dreamliner ya Guangzhou inajazwa na A220 ya Mwanza, Q400 ya Mbeya, ndege ya Lubumbashi na ya Lusaka. Hiyo ndogo ikichelewa bila taarifa, abiria haachi safari ya ndogo tu. Safari inayofuata anapitia Addis mwanzo mwisho, na anawaambia wenzake wa Kariakoo.

Haki ni haki, baadhi ya matatizo si ya kwetu peke yetu. Injini za Pratt & Whitney za A220 zilizilaza chini ndege za mashirika mengi duniani, Air Tanzania ikiwemo tangu 2022. Sikatai. Lakini fedha inayobeba mzigo huu ni yetu. Ndege zimekuwa zikimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, Air Tanzania ikizikodi, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha shirika limepata hasara ya shilingi bilioni 91.8. Mlipa kodi anayechangia hivyo anastahili kuambiwa kama ndege yake imetoka Dar au haijatoka.

Vilevile sipendi tunavyokimbilia kusema tunaonewa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania. Mimi sina biashara Ulaya, safari yangu ya China haikuguswa. Ila wakala wangu wa tiketi anahudumia pia watalii, na anaulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nairobi haulizwi. Dawa ni wakaguzi na mafundi, na kuonyesha kazi ilivyofanyika. Na lile la Januari 2024 liliniudhi: Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha kubeba mizigo kupitia Nairobi kwenda nchi nyingine, Tanzania nayo ikatangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways za Nairobi–Dar kuanzia tarehe 22. Liliisha haraka, nashukuru. Lakini kwa muda ule, mtu mwenye tiketi halali alikuwa anasikiliza redio kujua kama atasafiri, kwa ugomvi wa mizigo asioujua.

Leo hii fedha yangu naiweka hivi. Mwanza–Dar napanda lolote kati ya mawili ya kwetu, ila ndege ya asubuhi ya kwanza, maana ucheleweshaji hurundikana kadiri siku inavyokwenda. Guangzhou, kama tarehe zangu zinaingia kwenye siku za Air Tanzania, nachukua ya moja kwa moja bila kujiuliza. Kama kiwanda hakieleweki, nachukua ya nje yenye safari za kila siku. Dubai nalinganisha bei na kilo, mashirika mengi yanakupa mabegi mawili ya kilo 23, lakini ofa nyingine ni begi moja, soma vizuri kabla ya kulipa.

Na kama unatoka mkoani, mwombe wakala akukatie tiketi moja kutoka mkoani mpaka mwisho wa safari, hata ikizidi bei kidogo. Kipande cha kwanza kikichelewa, kukupeleka unakokwenda ni kazi ya shirika. Tiketi mbili tofauti maana yake kila mmoja atakwambia kamwulize mwenzake. Tunza pasi za kupandia, risiti za hoteli na picha ya ubao wenye saa. TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ina Baraza la Ushauri la Watumiaji kwa ajili ya malalamiko kama haya, na ukienda na karatasi mkononi unasikilizwa tofauti na ukienda na maneno matupu.