Kebo niliyoilaani bure, na fundi aliyenitoza pesa kwa skrini nyeusi

Nilikuwa nimepania kuandika kwamba kebo hii ya USB ya kusomea kompyuta ya gari ni takataka, na maneno nilikuwa nimeshayachagua. Sasa nalazimika kuyagawa upya, kwa sababu sehemu kubwa ya hasira yangu ilikuwa imemwangukia asiyestahili. Sehemu kubwa, si yote.

Gari langu ni Toyota RunX iliyokuja ikiwa imeshatumika Japani, kama mengi tunayoendesha hapa Dar es Salaam. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi hayaitikii programu za kawaida za kupimia mpaka uyaandikie amri zake za kuanzia mazungumzo. Kazi hiyo nilishaimaliza zamani, na kwa miezi kadhaa kebo, laptopu na gari vilikuwa vikielewana. Ndiyo maana siku taa ya injini ilipowaka na gari likaanza kukohoa kwenye mwinuko wa Kimara, nilitegemea kupata jibu kabla chai haijapoa. Laptopu iliitambua kebo, kitaa chake chekundu kikawaka, programu ikasubiri kidogo, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kuwasiliana na gari. Nilirudia pengine mara ishirini. Nilibadilisha kasi ya mawasiliano, nikafuta draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha laptopu kuongea na kebo, na kuiweka upya, nikazima kila kitu na kuwasha tena, nikamtukana muuzaji wa kebo ambaye hakuwepo kunisikia.

Kesho yake nilikwenda kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, nikiwa na mdogo wangu wa kiume, kijana asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi. Fundi alimsalimia yeye. Nilipoeleza tatizo, alimsikiliza yeye, ingawa mdogo wangu hakuwa amefungua mdomo. Nikamwonyesha laptopu na kebo, akacheka na kusema, "Mama, laptopu ni ya kuandikia barua; gari linataka mashine." Akaileta mashine yake, ile ya kushika mkononi, akaichomeka kwenye soketi chini ya usukani. Skrini ilibaki nyeusi. Aliichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena, ikabaki nyeusi vilevile. Akajifuta mikono kwa kitambaa na kumwambia mdogo wangu, "Mwambie dada yako kontroo boksi imekufa. Ya mtumba naweza kumtafutia kwa laki nne na nusu."

Nilimuuliza, kwa adabu ambayo hadi leo inaniuma, "Fundi, mbona mashine yako yenyewe haijawaka?" Akanijibu, "Ndiyo maana yake, mama. Kontroo boksi ikifa, hata mashine inakataa." Akanitoza elfu thelathini ya kupima. Kupima nini, sijui. Nililipa kwa kuwa funguo za gari alikuwa amezishika yeye.

Niliendesha gari lile lile kurudi nyumbani, na hapo ndipo akili ilipoanza kunirudia. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayoamua lini petroli inyunyizwe na lini plagi ichome. Kama imekufa, injini inaungurumaje? Na mashine ya mkononi haiombi umeme kutoka kwa kontroo boksi. Inaupata moja kwa moja kutoka kwenye betri, kupitia pini namba 16 ya soketi, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kebo yangu ilinihadaa kwa sababu kitaa chake kinakula umeme wa laptopu, hivyo ilionekana hai huku upande wa gari hakuna kitu. Ile skrini nyeusi ndiyo iliyokuwa jibu, na mtu anayejiita fundi aliishika mkononi asiione!

Niliazima mita kwa jirani, nikaweka ncha moja kwenye pini namba 4, ambayo ni ya ardhi, na nyingine kwenye namba 16. Ilipaswa kusoma volti 12 au zaidi, ilisoma sifuri. Ndani ya kisanduku cha fyuzi, chini ya dashibodi, kuna fyuzi ya ampea 7.5, ya rangi ya kahawia, yenye maandishi OBD, yaani ya ile soketi ya kupimia. Niliichomoa kwa koleo la nyusi na kuiinua juani: kile kiuzi cha katikati kilikuwa kimekatika, na plastiki imeungua kidogo kama ukingo wa andazi. Mpya niliinunua kwa shilingi 500. Kabla ya kuipachika nilichungulia nyuma ya soketi, nikamkuta mhalifu, yaani waya wa kifaa cha kufuatilia gari nilichofungiwa zamani, umezungushiwa selotepu iliyokwisha kubanduka, shaba yake ikigusa chuma.

Niliufunika vizuri, nikapachika fyuzi, na kebo niliyoilaani siku mbili ikaunganisha mara ya kwanza. Ikaleta P0301, kumaanisha silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Nikahamishia koili yake, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchomea, silinda ya pili, nikafuta kosa, nikaendesha mpaka taa ikarudi, na safari hii ikasoma P0302, yaani kosa limeifuata koili hadi silinda ya pili. Ilikuwa koili tu. Nilitaka kumpelekea yule fundi picha ya ile fyuzi, lakini mdogo wangu akaniambia atadhani namletea kazi.

Kwa hiyo gereji ile msiende, hata kuongeza upepo. Kebo nilikusudia kuipa nyota nne, na nilikuwa nimeshaandika kwamba nimeisamehe. Juzi jioni nikaitoa kumsaidia jirani huyo mwenye mita, ambaye Noah yake nayo imewasha taa, ikagoma tena mbele ya watoto wake wote. Fyuzi ilikuwa nzima. Kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la kulia la laptopu badala ya la kushoto, Windows ikaipa namba nyingine ya COM, yaani ya mlango ambao programu huipatia kebo, nayo programu ikabaki ikibisha hodi kwenye namba ya zamani. Nilipoirudisha kushoto ilikubali. Nimefuta ile sentensi ya msamaha; nyota mbili.