Jumamosi ya poka Shangani, Mtwara: pweza safi, hukumu za "yaishe"

Nimeshakwenda Jumamosi nne kwenye meza ya poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, ya hoteli moja ndogo huku Shangani. Jina naliacha, maana bado nataka kurudi. Kiingilio ni shilingi 15,000, na humo mna wali, pweza wa nazi na soda moja. Pesa haishindaniwi. Unapewa vidude vya plastiki ambavyo wenyewe wanaviita chipsi (siku ya kwanza nikauliza kama za mayai zipo), na bingwa wa usiku anaondoka na kilo mbili za korosho. Wanaokuja ni vijana wa kiwanda cha gesi cha Madimba, walimu, na msimu ukifika wanunuzi wa korosho wenye simu zisizonyamaza.

Wanaogawa karata ni dada wawili wahudumu wa palepale. Wanakosea, na mimi hilo halinisumbui. Karata moja ikifunuka wakati wa kugawa, wanamaliza mzunguko kwanza, wewe unapewa ya juu ya zilizobaki, ile iliyofunuka inakuwa ya kuchomwa, yaani inawekwa pembeni bila kuchezwa. Safi kabisa. Shida huanza akiitwa meneja.

Kila mtu ana karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwanza, kisha ya nne, kisha ya tano. Jumamosi ya pili nilikuwa na kopa mbili mkononi, na mezani kopa mbili kati ya karata tatu, yaani nasubiri kopa moja tu zitimie tano za aina moja. Nikaweka dau. Mzee mmoja mbele yangu bado anakuna kidevu, hajasema kitu, dada akafunua karata ya nne. Kopa! Kanuni zinazotumiwa sehemu nyingi hazina utata hapo: karata hiyo inawekwa pembeni, mzee anamaliza uamuzi wake, na ile ambayo ingekuwa ya tano ndiyo inakaa mahali pa ya nne. Baadaye ile iliyowahi inarudishwa kwenye zilizobaki, zinachangwa upya, ndipo ya tano inafunuliwa. Meneja yeye akasema, "Imeshaonekana, ibaki hapohapo." Mzee akaitazama kopa, akanitazama mimi, akatupa karata zake. Fungu nikachukua mimi, huku naona aibu. Mzee alilalamika hadi wakati wa chai na alikuwa na haki yake. Kopa ile haikustahili kubaki pale, na yeye hakustahili kuamua akiwa ameshaiona.

Jumamosi ya nne zamu ikawa yangu. Mezani tano, sita, saba, tisa na mfalme. Nikafunua mfalme na nane, akili yote ipo kwenye jozi ya wafalme. Mwenzangu naye mfalme, na malkia pembeni. Dada akamsogezea fungu lote, chipsi 14,000. Mwalimu aliyekaa kushoto kwangu akaruka: "Nane hiyo! Tano, sita, saba, nane, tisa!" Kweli, karata tano zinazofuatana, na hizo zinaishinda jozi. Karata bado zimelala wazi, hakuna aliyeanza kuzichanga kwa mchezo unaofuata. Hapo kinachohesabiwa ni karata zenyewe, hata kama mwenyewe umesinzia, na yeyote mezani anaruhusiwa kulionyesha kosa. Meneja akasikiliza pande zote kama mzee wa baraza, akashika mabega yetu wawili. "Ndugu zangu, yaishe. Gawaneni nusu kwa nusu."

Kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba la mikorosho ningempa mkono. Ila pale yule jamaa alipewa 7,000 kwa kosa la mgawaji, na mimi nilitoka mashindanoni nusu saa baadaye. TDA, umoja wa waongoza mashindano ya poka ulioanza 2001, una kanuni zake, na ya kwanza inampa mwongozaji ruhusa ya kuacha maandishi pale haki inapodai. Haki gani ilidai nusu? Nilimuuliza kwa upole, pembeni, baada ya mchezo. Akanijibu, "Kaka, nilitaka mle pweza kwa amani."

Jambo moja wanalosimamia bila huruma ni karata zako kuzolewa kimakosa pamoja na zilizotupwa. Zikishachanganyika, huna lako, na dau ulilofuatia halirudi. Ndivyo ilivyo hata kwenye meza kubwa, kwa hiyo siwalaumu. Mimi huweka korosho yenye ganda juu ya karata zangu, dada akiiona mkono wake unapita mbali. Sasa nusu ya meza wana korosho.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nimewapelekea kanuni zilizochapishwa, kurasa chache tu. Meneja alizipokea kwa mikono miwili akaziweka chini ya rejista ya wageni, na sijaziona tena. Anayetoka Mikindani apange usafiri wa kurudi mapema, maana saa sita usiku bajaji za huku nazo ni za kubahatisha.