Uzoefu wangu: ruta ya pili, na maneno niliyoambiwa ndani ya nyumba yangu

Nyota moja. Ingekuwepo sifuri ningeweka sifuri, na nitaeleza kwa nini hata kama itanichukua asubuhi nzima. Jina la kampuni ya intaneti silitaji. Ninayemsema ni fundi aliyeingia nyumbani kwangu, na kwa ninavyosikia kwa wenzangu, wa aina yake wapo wengi.

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, na mmoja wa Hamburg ninaye tangu alipokuwa hajui hata kuitikia salamu. Kwangu mimi intaneti ikikatika ni sawa na mwalimu kufungiwa nje ya darasa na wanafunzi wako ndani. Umeme nimejipanga, nina betri. Bando la akiba kwenye simu halikosekani. Nilichokuwa sina ni waifai ya kufika chumba cha nyuma.

Nyumba yetu iko Tabata, ya matofali ya saruji, na chumba ninachofundishia kilijengwa baadaye kikaunganishwa kwa upande wa uani. Faiba inaingilia sebuleni. Kati ya sebule na meza yangu kuna kuta tatu, na kwenye mmoja limeegemea kabati la chuma. Sebuleni simu inakamata mawimbi ya gigahezi 5 na kila kitu kinakimbia. Ukifika jikoni yanafifia, ukifika kwangu yamekwisha. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, kwa hiyo yanafika, lakini ndiyo hayohayo wanayotumia majirani mtaa mzima, na njia zake zisizogongana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Saa mbili usiku, watu wakisharudi makazini, hewani hakusikiki mtu.

Kabla ya kuwaita nilijaribu busta ya kuchomeka ukutani, nikaiweka chumbani kwangu, palepale penye shida. Haikusaidia, na sasa najua sababu. Busta inasikia kisha inarudia kusema. Ukiiweka penye mawimbi dhaifu, inarudia udhaifu uleule. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi bado yana nguvu. Na hata hapo, zile za bei ndogo zenye redio moja hupoteza kama nusu ya spidi, kwa kuwa kila kitu kinapita hewani mara mbili. Sina kinyongo nayo, ipo kwenye droo.

Ndipo nikapiga simu kampuni. Fundi akaja siku ya pili tu, na kwa hilo niliwasifu. Alipima, akaangalia kuta, akasema, "Mama, wewe unahitaji ruta ya pili, na tuivutie waya." Hapo alisema kweli kabisa. Akapitisha waya juu ya dari, akaniwekea kisanduku cheupe chenye antena nne kwenye rafu ya vitabu. Laki moja na nusu, kifaa na kazi. Nililipa hapohapo, nikamletea maji baridi, akala na maandazi. Jioni ile nilifundisha saa mbili mfululizo bila sura ya mwanafunzi kuganda hata mara moja. Nilimpigia dada yangu Morogoro kumwambia.

Furaha ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu simu ikaanza: alama ya waifai imejaa mpaka juu, lakini chini yake imeandikwa hakuna intaneti. Zima waifai, washa, inarudi. Baada ya saa moja, tena. Kompyuta na simu ziko juu ya meza moja, hatua mbili kutoka kwenye kisanduku. Moja inafanya kazi, nyingine imekufa, kesho yake zimebadilishana. Halafu ugonjwa ukaenda hadi sebuleni. Hili ndilo lililoniuma, maana sebuleni hatukuwahi kuwa na tatizo tangu tuwekewe faiba. Nililipa ili chumba cha nyuma kipone, nacho cha mbele kikaugua.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Saa ngapi imekatika, kifaa gani, nani alikuwa ametoka akarudi. Niliangalia taa za kile kisanduku cha sebuleni kinachopokea faiba kila ilipotokea: taa ya PON, inayoonyesha kwamba kimeunganika na mtandao wa faiba, kijani, imetulia. Ile nyekundu iliyoandikwa LOS, ambayo huwaka mwanga wa faiba usipofika, haikuwaka hata siku moja. Kwa hiyo faiba ilikuwa nzima. Na niligundua jambo: kifaa ambacho hakikutoka nyumbani kilikaa vizuri muda mrefu, kilichotoka na kurudi ndicho kilichoathirika mara nyingi zaidi. Kurasa nne nilijaza. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikawasomea. Wakaniambia nizime, nisubiri sekunde 30, niwashe. Nikawaambia nimeshafanya. Wakaniambia nifanye tena.

Baada ya simu kama sita akarudi fundi yuleyule.

Nilikuwa katikati ya somo na yule mwanafunzi wangu wa Hamburg. Siku hiyo mtandao ulikuwa umetulia, jambo ambalo kwa fundi lilitosha kuwa ushahidi kwamba mimi nazua. Nikamwomba mwanafunzi anisubiri, nikamwonyesha fundi daftari. Hakulishika. Nikamwambia, "Baba, naomba uangalie jinsi hivi visanduku viwili vilivyounganishwa, kwa sababu shida imeanza siku ulipoleta cha pili." Akacheka, akasema kwa sauti ya mtu anayemwongelesha mtoto: "Kaa utulie mama, hivi vitu ni vya vijana. Simu zako zimezeeka hizo, nunua simu." Akagusa kitufe cha kuzima, akawasha, akatoka. Hakukaa dakika tano.

Niliporudi kwenye kompyuta, mwanafunzi alikuwa ameandika swali. Alikuwa amesikia yote. Aliuliza: "Mwalimu, 'kaa utulie' mtu anaweza kumwambia mtu mzima?" Mimi ndiye niliyemfundisha shikamoo, ndiye niliyemweleza kwa miezi jinsi sisi tunavyosema na mtu aliyekuzidi umri. Nikamjibu kwamba hapana, haifai. Nikashindwa kuendelea na somo. Wiki ile nilirudisha ada ya wanafunzi wawili wengine waliochoka kukatikiwa, na sikuwalaumu.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa jirani, mtoto wa watu, anasoma chuo. Alipita kuchukua ndoo ya mama yake, akanikuta nimeinamia daftari. "Shikamoo mama. Vipi, mbona hivyo?" Nikamweleza. Akaomba asome. Alisoma kurasa zote nne amesimama, kisha akauliza swali moja: "Mama, huu waya kwenye ruta ya pili kachomeka tundu lipi?" Tukaenda kuangalia. Nyuma ya kile cheupe kuna matundu manne yaliyofanana na moja la rangi tofauti, ambalo ni la kupokelea intaneti kutoka nje. Waya ulikuwa kwenye mojawapo ya yale manne. Lile la rangi lilikuwa tupu.

Akaanza kunieleza, na hapa ndipo niliona kwamba si vitu vya vijana, ni vitu vya mtu yeyote atakayeelezwa kwa adabu. Kile kisanduku cha sebuleni ambacho mafundi hukiita ONT, na ambacho sisi wote tunakiita modemu, kina kazi kadhaa ndani ya ganda moja. Kwanza kinageuza mwanga wa faiba kuwa ishara za umeme. Hii ndiyo kazi iliyo karibu na ile ya modemu ya zamani ya laini ya simu. Pili ni ruta: kinasimama mlangoni kati ya nyumba na dunia, kinapitisha vya kwenda na vya kurudi. Tatu ni swichi, yale matundu ya kuunganishia waya. Nne ni kituo cha waifai, redio yenyewe. Na juu ya hayo kinagawa anwani: kila simu inayoingia inapewa namba yake.

Kile cheupe nacho kina karibu hayo yote, isipokuwa kusoma mwanga. Na mimi nilihitaji kimoja tu kati ya hayo, kituo cha waifai. Fundi akakichomeka bila kuzima mengine.

Kijana akanipa mfano wa kile kibao cha namba tulichowekewa kwenye nyumba wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022. "Chukulia, mama, wamekuja watu wawili wa kugawa namba mtaa mmoja, na hawajuani." Simu ikiingia kwenye waifai haina anwani. Inauliza kwa sauti, wote wanaisikia, na kwa kawaida anayejibu kwanza ndiye anayefuatwa. Kwangu walikuwa wanajibu wawili. Na kila mmoja, pamoja na namba, anaiambia simu mlango wa kutokea uko wapi. Wote wawili walitoka kiwandani na namba ileile, 192.168.1.1, kwa hiyo kila mmoja alijitaja yeye ndiye mlango. Simu iliyoelekea kwa yule wa sebuleni ilitoka duniani. Iliyoelekea kwa yule mweupe iligonga ukuta, kwa sababu tundu lake la nje halina kitu. Waifai imejaa, intaneti hakuna. Na kifaa kilichotoka nyumbani kikirudi kinauliza upya, kinaweza kuangukia kwa asiyefaa. Daftari langu lilikuwa linasema hivyo tangu wiki ya kwanza.

Kwa nini namba zifanane? Nikamuuliza. Akasema zile za 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, zimetengwa kwa ajili hiyo, mamilioni ya nyumba duniani zina namba hizohizo na hazigombani kwa sababu hazitoki nje. Ruta ndiyo inayotoka kwa niaba yao. Namba za mtindo wa zamani, IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3, haziwezi kumtosha kila mwenye simu, televisheni na kompyuta. Ila ndani ya nyumba moja, mbili haziwezi kufanana.

Kisha akafanya jambo ambalo sitamsahau nalo. Akavuta kiti pembeni, akasema, "Mama, andika wewe mwenyewe." Tukachomoa waya, nikaunganisha kompyuta kwenye kile cheupe peke yake, nikaandika 192.168.1.1 pale juu pa kuandikia anwani za tovuti, ukurasa wake ukafunguka. Nikabadilisha namba yake kuwa 192.168.1.2. Nikatafuta palipoandikwa DHCP, ndiyo huduma ya kugawa anwani, nikaizima. Nikahifadhi. Tukarudisha waya kwenye tundu lilelile, moja ya yale manne, maana kwa mpangilio huu hapo ndipo mahali pake. Chai niliyomwekea ilikuwa bado ya moto. Alipochungulia kichwa cha waya akaona pia kwamba nyuzi mbili kati ya nane hazikubanwa sawasawa. Kwa spidi ya hadi megabiti 100 zinatosha pea mbili tu kati ya nne, na kifurushi changu hakifiki huko, kwa hiyo aliniambia niziache kwanza.

Tangu hapo haijakatika. Sebuleni, chumbani, hata uani chini ya mwembe.

Kwa hiyo nikisema nyota moja namwonea nani? Kisanduku cheupe ni kizuri, nakipenda, ningekinunua tena. Faiba yenyewe ni nzuri, nimetumia bando la simu miaka mingi na najua tofauti. Hata wazo la fundi lilikuwa sahihi, ruta ya pili kwa waya ndiyo iliyokuwa dawa. Nilipofika hapa jana nilifuta ile moja nikaandika tatu. Halafu nikakumbuka "kaa utulie", nikakumbuka uso wa mwanafunzi wangu kwenye kioo, na kwamba dawa ilikuwa namba moja na kitufe kimoja ambavyo yeye alisomea na amevaa kitambulisho chake shingoni. Nikarudisha moja. Angesoma daftari tu. Ukurasa wa kwanza tu.

Wiki chache baadaye, mvua zikiwa zimeanza, lori lilikata waya wa faiba nguzoni. Safari hii ile taa nyekundu iliwaka, nikajua hapohapo kwamba si langu. Alikuja fundi mwingine, mdogo kuliko yule. Alipomaliza kuunga nje akaingia kuhakikisha, akaiona karatasi niliyobandika juu ya kile cheupe: "192.168.1.2. DHCP imezimwa. Usibadilishe bila kuniuliza."

"Nani kaandika hii, mama?"

"Mimi."

Akaisoma tena. Akasema, "Basi huku sina cha kugusa," akaniuliza kama ninapata spidi ninayolipia, akasubiri nipime mbele yake, akaaga kwa shikamoo.

Nyota mbili, basi. Ya pili ni ya huyu.